Safari ya Dar es Salaam na Habari za Wapagazi

Wengi wenu mmekwisha kufika Dar es Salaam, na baadhi yenu mna watoto wanaokaa huko, wala si nia yangu kuwaeleza habari za maghorofa na wingi wa magari, kwa kuwa hayo mmeyaona. Nataka kuwaeleza habari za majengo ya kale ya mji ule, yaani nani aliyeyajenga, nani aliyeandikwa jina lake juu ya mawe, na nani asiyeandikwa. Nami nalikwenda kwa sababu ya jambo moja la nyumbani kwetu, nalo ni hili.

Bibi yangu, mzaa mama, alizaliwa huku kwetu Iramba kabla ya vita vile vikubwa vya mwaka 1914 mpaka 1918. Alipokuwa mtoto wa kushika upindo wa nguo ya mama yake, watu wa serikali walikuja kijijini kutafuta wapagazi wa jeshi, wakamchukua baba yake pamoja na wanaume wengine. Hakurudi. Habari ya mwisho ililetwa na mtu mmoja aliyeponyoka na mauti, kwamba walipelekwa pwani kwa gari la moshi, wakakaa siku nyingi katika kambi kubwa ya Darisalama, kisha wakagawanywa, na baba yake bibi akapakiwa katika meli. Basi, hayo tu. Bibi aliishi miaka mingi sana, na kila aliposikia kwamba mtu wa nyumba yetu anakwenda Dar es Salaam humwambia, "Mjukuu wangu, ukifika huko, uulize." Sisi vijana tulikuwa tukicheka kidogo tukitoka nje, maana tutamwuliza nani? Lakini nilipomaliza kazi yangu ya kufundisha, na bibi amekwisha kulala kaburini, nikaona haya kwamba katika safari zangu zote za mji ule sikuuliza hata mara moja. Ndipo nikafunga mzigo.

Nalipanda basi Singida asubuhi, tukapita Manyoni, tukateremka ukingo ule mrefu wa Saranda mpaka nchi tambarare ya Bahi, tukafika Dodoma. Mnajua kwamba Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi yetu sasa. Shauri lilikatwa mwaka 1973, serikali ikaanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, na sheria ya kuutangaza mji huo ikatungwa mwaka 2018. Kwa hiyo Dar es Salaam niliyokuwa nikiiendea ni mji mkuu wa zamani, na mji mkuu wa zamani una faida yake kwa mtu apendaye historia, maana mawe ya wakubwa hubaki hata wakubwa wenyewe wakiisha kuhama.

Kutoka Dodoma nalipanda gari jipya la umeme, lililoanza kuchukua abiria kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024. Safari ni ya saa nne hivi. Nilipokuwa nimekaa kwenye kiti, naliwaza habari za reli ya kale iliyo karibu na hiyo mpya. Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwaka ule ule vita vilipoanza. Kabla ya hapo watu wa bara walikwenda pwani kwa miguu, mizigo kichwani au begani, mwendo wa majuma mengi. Baba yake bibi alipakiwa garini kama mzigo, nami mjukuu wa binti yake nilipewa kiti laini na dirisha la kioo.

Sasa niseme kidogo asili ya mji. Mahali pale palikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari yake, maana ni kama mfuko, mlango mwembamba na ndani maji mengi yaliyotulia, akaanza kujenga nyumba za mawe na kuuita mji Dar es Salaam. Lakini Majid alikufa mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemfuata hakuujali mji ule, nyumba nyingi zikaanza kubomoka na majani kuota ndani yake. Labda ungekufa kabisa. Lakini Wadachi walipotwaa pwani yetu, na kuvishinda vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, waliona kwamba maji ya Bagamoyo ni machache, meli kubwa haziwezi kukaribia, wakahamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo wakayaleta Dar es Salaam mwaka 1891.

Katika majengo ya Majid yamesalia machache. Moja ni Boma la Kale, karibu na bandari, lililojengwa mwaka 1866 au 1867 kwa mawe ya matumbawe, liwe mahali pa kulala wageni wa Sultani. Kuta zake ni nene sana, na milango yake ni ya mbao zilizochongwa nakshi kama ile ya Unguja. Nikaweka mkono wangu juu ya ukuta, nikaona ni baridi ijapokuwa jua lilikuwa kali.

Nyumba ya pili iko karibu na hapo, nayo huitwa Atiman House. Ilijengwa zamani hizo hizo za Majid, baadaye ikawa mali ya Mapadre Weupe, nao wakaipa jina la Adrian Atiman. Huyu hakuwa mfalme wala gavana. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, upande wa mto Niger, akakamatwa angali mtoto akauzwa utumwani, akavushwa jangwa kubwa, na Mapadre Weupe wakamkomboa. Wakampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga, kisha akaja mpaka Karema kando ya ziwa Tanganyika, akatibu watu huko tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa hata alipokufa mwaka 1956. Naliwauliza vijana watatu waliokuwa wakiuza maji ya chupa mbele ya nyumba ile, Atiman alikuwa nani? Mmoja alisema labda ni Mhindi mwenye duka. Nikanunua maji yao, nikawaeleza, nao walinisikiliza kwa heshima, lakini nadhani walinisikiliza hivyo kwa sababu ya mvi.

Makanisa mawili ya Wadachi yametazamana na bandari, nayo yanastahili kutazamwa. La Katoliki, la Mtakatifu Yosefu, lilijengwa kati ya 1897 na 1902, lina mnara mrefu wenye ncha. La Kilutheri, liitwalo Azania Front, lilianza kujengwa mwaka 1898 likamalizika 1902, kuta zake nyeupe, vigae vyake vyekundu, hata juu ya madirisha yameezekwa vipaa vidogo vya vigae kuzuia jua. Naliingia katika yote mawili nikaketi kitambo, kwa kuwa miguu iliniuma. Ikulu sikuikaribia, nanyi mnajua kwa nini, ila nijuavyo ni kwamba nyumba ya gavana wa Kidachi iliyokuwa mahali pale ilipigwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza mwishoni mwa mwaka 1914, nao Waingereza wenyewe wakajenga nyingine juu ya mabaki yake mwaka 1922. Waliubomoa mji kisha wakalipa fundi wa kuujenga.

Siku ya pili nalikwenda kuitazama Sanamu ya Askari. Iko katikati ya njia panda, mtaa wa Samora, magari yakiizunguka mchana kutwa. Ni askari wa shaba aliyeinama kidogo kwenda mbele, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Aliichonga Mwingereza jina lake James Alexander Stevenson, ikafunuliwa mwaka 1927. Kabla ya vita mji ule ulikuwa na sanamu nyingine, ya Hermann von Wissmann, yule aliyeongoza jeshi la Wadachi katika vita vya Abushiri. Wissmann alisimama juu ya nguzo, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916 sanamu hiyo waliiondoa wakaipeleka kwao, baadaye ikarudishwa kwa Wadachi, ikasimamishwa mji wa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha kwa kamba katika mwaka 1968. Basi askari wa Stevenson, yeye hakuna mzungu juu ya kichwa chake. Hilo nalipenda.

Walakini naliposogea na kuyasoma maandishi ya chini, moyo wangu uligeuka. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, herufi za Kirumi na za Kiarabu, na maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Wapagazi wametajwa humo, siwezi kusema hawakutajwa. Wanaitwa kwa jina la kazi yao, wote pamoja kwa fungu moja, na aliyesimama juu ni askari peke yake. Katika sanamu ya Nairobi, iliyofanywa kwa ajili ya vita hivyo hivyo, mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki. Kwetu hakupewa nafasi ya kusimama.

Labda msomaji kijana atauliza, kwani wapagazi walifanya nini hata wastahili sanamu? Sikilizeni. Vita vile vilipiganwa katika nchi isiyo na barabara. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa mbung'o. Motokaa zilikuwa chache, nazo zilizama katika matope. Kwa hiyo kila kitu alichokula askari, kila risasi aliyoipiga, hata mzinga wenyewe ukiisha kufunguliwa vipande, vilichukuliwa na watu. Mzigo ulikuwa kama ratili 50 au 60. Na mpagazi naye lazima ale, basi mwenzake amchukulie chakula, na huyo naye ahitaji mwingine nyuma yake, hata kwa askari mmoja mstarini pakawa na watu wengi njiani. Serikali ya Waingereza iliwachukua Waafrika yapata milioni moja kwa kazi hiyo, na Wadachi kwa upande wao walichukua maelfu mengi, tena mara nyingi bila mshahara. Risasi ziliua wachache kati yao. Waliobaki waliuawa na kuhara, homa, vichomi, na posho mbaya ya nafaka isiyopikwa ikaiva. Wanahistoria huhesabu wapagazi waliokufa kuwa kama 100,000, na wengine husema zaidi.

Nasi watu wa bara ya kati twajua mengine yasiyoandikwa katika sanamu. Waingereza walishuka kutoka Kilimanjaro wakaingia Kondoa Irangi mwezi wa Aprili 1916, na Dodoma mwezi wa Julai. Jeshi moja lilipita likichukua ng'ombe na nafaka, jeshi la pili likafuata likachukua yaliyosazwa na la kwanza, na wanaume wa kulima hawako. Majirani zetu Wagogo njaa iliyofuata, tangu 1917, waliiita Mtunya, na wazee wao waliitumia kuhesabia miaka. Baba yake bibi yaonekana alichukuliwa wakati huo, maana baada ya Waingereza kuishika reli na bandari, vita vilihamia kusini, na wapagazi wa bara waliletwa Dar es Salaam wakapelekwa kwa meli Kilwa na Lindi. Nilipolinganisha habari ya bibi na vitabu, nikaona kwamba yule mtu aliyerudi alisema kweli tupu.

Na ile kambi kubwa, je? Hapo ndipo nilipojiona mjinga. Kambi ya wapagazi nimepita juu yake mara zisizo na hesabu, nikinunua viatu na madaftari. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, na watu walipolitamka jina hilo kwa midomo yao likawa Kariakoo. Vita vikaisha, wapagazi wakaondoka au wakazikwa, pakawa mahali pa soko, na jina likakaa.

Nalikwenda Kariakoo jioni. Soko lile kubwa, lililojengwa katika miaka ya 1970 kwa ramani ya Beda Amuli, fundi Mtanzania, lilishikwa na moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, kisha serikali ikaanza kulitengeneza upya. Pembeni ya njia nalimkuta mzee mmoja auzaye kahawa, nikaketi kwenye benchi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na vumbi hilo?"

"Natoka Singida, mzee wangu. Nimekuja kuuliza habari ya mtu aliyepita hapa zamani."

"Zamani gani?"

"Wakati wa vita vya Wadachi na Waingereza. Alikuwa mpagazi."

Akanitazama, akaacha kumimina kahawa. "Basi umefika," akasema, "maana hapa ni kwao. Mimi asili yangu Uluguru, na ndugu yake babu yangu naye alichukuliwa. Mtu hunijia hapa kuuliza bei ya vitenge, kuuliza choo kiko wapi, kuuliza basi la Mbagala. Habari ya wenye jina la mahali hapa hujauliza mtu ila wewe." Akakataa fedha yangu ya kahawa. Tulikaa mpaka taa zikawashwa, wala hatukuzungumza mengi. Watu walipita wamejitwika marobota, wengine wakisukuma mikokoteni wakipiga kelele za kuomba njia, vijana wa bara wengi wao, nao wakiulizwa na jamaa zao kwa simu wako wapi, hujibu, "Niko Kariakoo." Jina la kikosi kile latajwa kila siku na watu maelfu kwa maelfu, na Wissmann hatajwi na mtu.

Siku ya tatu nalikwenda makaburi ya vita, kwenye barabara iendayo Bagamoyo. Ni mahali pazuri, pamefagiwa, majani yamekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu, kila jiwe na jina la mtu, kikosi chake na siku aliyokufa. Baadhi ya makaburi hayo yalihamishiwa pale mwaka 1968 kutoka kando ya bahari ili kupisha barabara mpya. Nalitembea safu zote polepole nikisoma. Sikuliona jina la mpagazi wa kwetu.

Nilipotafuta sababu, nikaikuta katika habari zilizotangazwa mwezi wa Aprili 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ndiyo iyatunzayo makaburi hayo. Tume ilichunguza kazi yake yenyewe ya miaka mia, ikakiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita vile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ijapokuwa sheria ya Tume tangu mwanzo ilisema kwamba wote watendewe sawasawa. Waziri wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Na katika barua za zamani zilizofunuliwa kulikuwa na shauri la gavana wa Tanganyika wa wakati ule, kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudie kuwa pori upesi iwezekanavyo. Nalisoma maneno hayo mara mbili. Haikuwa kusahau, wasomaji, kwa kuwa asahauye haandiki barua.

Naliporudi nyumbani, mama yangu, ambaye sasa ni mzee naye, alikuwa ameketi barazani akichambua mtama. Hakuniuliza habari za mji.

"Uliuliza?"

"Niliuliza, mama."

"Wakasemaje?"

Nikamweleza yote, tangu Boma mpaka makaburi, na kahawa ya yule Mluguru. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi tuliandike sisi." Nikaleta daftari, akanitajia jina la babu yake, na la baba wa babu yake, na majina ya wenzake wanne waliochukuliwa siku ile ile kama alivyoyasikia kwa mama yake, nami nikayaandika kwa wino.

Tangu hapo nimezunguka vijiji vya karibu, na walimu wawili wamenisaidia kuwauliza wazee. Kama katika nyumba yako lipo jina la mtu aliyekwenda na mizigo ya vita asirudi, liandike pamoja na kijiji chake na jina la baba yake, ulipeleke kwa mwalimu wa shule iliyo karibu nawe alitie katika daftari la shule. Mpaka siku ninapoandika haya ninayo majina 14. Matatu kati yake ni majina ya utani tu, kwa sababu waliowajua wamekwisha kufa, na wajukuu hawakumbuki mengine.